Anayekaa Ndiye Anayegeuza

Asubuhi ile Mwalimu alichora jicho la mtoto, likatoka la kijani.

Lilitakiwa kuwa jeusi kama macho mengine yote ya kitabu kile. Alikosea mstari wa kope, akabonyeza kitufe cha kalamu ili mstari urudi nyuma, upotee, achore upya. Mstari ukabaki pale pale. Kalamu ilichofanya ni kuchota rangi ya majani yaliyokuwa nyuma ya mtoto, na alipoigusisha tena kwenye kioo, mtoto akapata jicho la paka.

"Jamani!" akasema. "Na nimegeuza! Haki ya Mungu nimegeuza!"

Chumba kizima kilikuwa na watu wawili tu wakati huo, naye mmoja wao, na yule wa pili alikuwa mpanga kurasa ambaye akivaa vile vidude vyake vya masikioni hata nyumba ikiungua utambeba na kiti chake. Kwa hiyo hakuna aliyemjibu. Mwalimu akaiweka kalamu mezani polepole, akaitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine.

Nianze na jina, maana utajiuliza. Huyu mama hafundishi. Zamani alifundisha kuchora katika shule ya msingi, akaacha kazi, kazi ikamwacha, ila jina likakataa kata kata kumwacha. Sasa alikuwa mchoraji katika ofisi ya vitabu vya shule, ghorofani, juu ya duka la magodoro. Ukifungua kitabu cha darasa la pili ukamwona daktari anampima mtoto homa, au mbuzi anakula shati kwenye kamba, ujue umeuona mkono wake. Alichora mistari tu. Rangi zilitiwa na mwanamume mmoja mpole, mrefu, mwenye mvi za kichwani lakini si za ndevu, na kwa kuwa watu wa ofisi ile hawakujaliwa ubunifu wa majina, walimwita Rangi.

Hao wawili walikuwa na kioo kimoja cha kuchorea. Kilikuwepo cha pili, kikaharibika, bosi akaahidi kuleta kingine, na ahadi za bosi unazijua. Basi wakawa wanapokezana. Mwalimu anachora ukurasa, anainuka; Rangi anakaa, anatia rangi, anainuka; Mwalimu anarudi kurekebisha pua iliyopinda. Anayesubiri anajikalia meza ya dirishani na karatasi na penseli. Siku nzima ni kaa, inuka, kaa, inuka.

Na kalamu nayo ilikuwa moja, yenye kitufe kimoja ubavuni, pale kidole gumba kinapolala. Hapo ndipo penye mambo. Mwalimu alitaka kitufe kiwe cha kurudisha nyuma: umekosea, bonyeza, mstari wa mwisho umekwenda zake. Rangi alitaka kiwe cha kuchota: weka ncha ya kalamu juu ya rangi yoyote iliyomo kwenye picha, bonyeza, rangi hiyo inakuja kwenye kalamu. Programu iliwaruhusu yote mawili. Pembeni mwa kioo kulikuwa na kialama kidogo chenye umbo la kalamu. Ukikigusa mara moja, kazi ya kitufe inabadilika. Ukikigusa tena, inarudi ilivyokuwa. Aliyeitengeneza programu ile, Mungu amsamehe, hakuweka hata doa la kukuonyesha kitufe kiko upande gani. Ukitaka kujua, uzame ndani ya mipangilio ukurasa baada ya ukurasa, au ubonyeze ujionee mwenyewe.

Mwanzoni waligombana kweli kweli. Leo huyu kasahau kugeuza, kesho yule kageuza wakati mwenzake alishageuza, picha zinaharibika, kila mtu uso umemvimba. Mwisho wakaweka sheria, na Rangi mwenyewe ndiye aliyeitamka: anayekaa ndiye anayegeuza. Anayeinuka anainuka zake, hagusi kitu. Tangu siku hiyo amani ikatawala, wakasahau kwamba waliwahi kununiana. Mwalimu akawa anakaa, anagusa kialama, anachora. Ilikuwa kama kuvua viatu mlangoni, hufikirii.

Lakini siku hizi kulikuwa na kitu. Anakaa, anagusa, anachora, anakosea, anabonyeza, na kalamu inachota rangi. Anazama kwenye mipangilio, anakuta kitufe kiko upande wa Rangi, kama vile yeye hakugusa chochote. Anakirekebisha huko huko ndani, kinakuwa sawa mpaka anapoinuka. Akirudi tena mchana, yale yale.

Akamwita Fundi.

Fundi wa kompyuta wa ofisi ile alikuwa mwanamke mwenye maneno makali na mikono laini. Alikaa na kalamu ile kama muuguzi na mtoto mwenye homa. Akabadilisha ncha. Akaichaji mpaka ikajaa. Akaiondoa programu yote na kuiweka upya, akatafuta toleo jipya zaidi, akaitenganisha kalamu na kioo kisha akaviunganisha tena, akaizima mashine na kuiwasha mpaka mashine yenyewe ikawa haijui kama imelala au imeamka. Kisha akakaa kitini mwenyewe, akagusa kialama, akachora kuku mbaya sana, akabonyeza. Mstari ukarudi nyuma. Akagusa tena, akabonyeza, rangi ikaja. Akarudia na kurudia. Kila mara kitufe kilitii.

"Kalamu haina ugonjwa," akasema.

"Ina ugonjwa. Ikiwa na wewe inajifanya nzima."

"Mwenzangu." Fundi akageuza kiti, akamtazama. Hakuwa na nia mbaya, tuseme ukweli. "Una hakika unageuza? Au unadhani umegeuza?"

Mwalimu akacheka. Akasema labda, uzee huo unabisha hodi, wakacheka wote wawili, Fundi akakusanya waya zake akaenda. Mwalimu akabaki kwenye kiti, kalamu hakuigusa tena.

Maana swali hilo alikuwa analijua. Alikuwa amemuuliza mama yake swali hilo hilo, kwa maneno hayo hayo, akiwa amesimama jikoni na sufuria iliyoungua mkononi. "Mama, una hakika umezima? Au unadhani umezima?" Na mama yake, mwanamke aliyelea watoto na kuendesha duka la vitambaa bila kupoteza hata sindano, alimjibu kwa hasira kabisa kwamba jiko amelizima, amelizima kwa mkono wake, nani kaliwasha tena? Hivyo ndivyo ulivyoanza ugonjwa ule. Jiko, kisha funguo, kisha njia ya kurudi nyumbani. Mwalimu alimuuguza mpaka mwisho. Akili ya mama ilikwisha taratibu kama sabuni, na mwili ukabaki. Mwisho wake hauelezeki, na mimi sitaueleza.

Hapo ungesema, basi mtu akapime, ajue moja. Subiri. Kulikuwa na jambo jingine, na hilo ndilo lililokuwa linamkosesha usingizi.

Rangi alikuwa amemposa.

Hakupiga magoti wala hakuleta wazee. Alimsimamisha kwenye ngazi za ofisi jioni watu wakitoka, akangoja mpanga kurasa apite, akangoja Fundi apite, kisha akasema huku akiuangalia ukuta: "Mwalimu, mimi mke wangu amefariki miaka mingi, binti yangu ameolewa, nyumba imekuwa kimya. Nimeanza kuuzoea ukimya, na sitaki kuuzoea. Ungekubali tuoane?"

Mwalimu, ambaye hajawahi kuolewa kwa sababu ujana wake aliupitisha kwenye shule na utu uzima wake kitandani kwa mama, alishika chuma cha ngazi. Moyo wake ulishasema ndiyo kabla mwanamume hajafunga mdomo. Lakini yeye si mtu wa kurukia mambo. Akasema, nipe muda. Na akaongeza sharti moja: "Na katika muda huo usiniletee kitu. Usininunulie matunda, usiniletee chai, usiniletee chochote. Zawadi zinanichanganya. Nataka nifikiri mwenyewe nimetulia."

"Sitaleta kitu," akasema Rangi.

Na kweli hakuleta. Hata kile kikombe cha chai cha asubuhi, alichokuwa akimletea tangu enzi za kununiana, kilikoma. Alikuwa mtu wa neno lake kiasi cha kuudhi. Kitu pekee alichoendelea nacho ni kupangusa kioo kwa kitambaa kabla ya kuinuka, kama alivyozoea, kwa sababu mkono wake ulikuwa na jasho.

Siku zikaenda. Mwalimu alikuwa ameshachagua na maneno ya kumwambia. Ndipo kalamu ikaanza kumgeukia.

Jioni ya lile jicho la kijani alimkuta mdogo wake jikoni kwake anakatakata vitunguu. Mdogo wake alikuwa muuguzi, na alikuwa na tabia ya kuja bila taarifa, kupika bila kuombwa na kulalamika kwamba visu havikati. Mwalimu akakaa kwenye kigoda, akamweleza yote.

"Dada," mdogo wake akasema, machozi ya vitunguu yakimtoka, "kusahau kitufe si kuumwa. Mimi mwenyewe juzi nimetafuta miwani nusu saa, iko puani."

"Wewe ulisahau miwani. Mimi sisahau. Mimi nina hakika nimefanya, na sijafanya. Hiyo ndiyo ya mama."

Mdogo wake akaacha kukata.

"Leo nimejaribu kusema kwa sauti," Mwalimu akaendelea. "Mchana nilipokaa nikagusa, nikasema, nimegeuza. Ili masikio yangu yawe shahidi. Na bado. Unajua nilijisikia sauti ya nani? Ya mama. 'Nimezima, nimezima kwa mkono wangu.' Nilitaka kukimbia chumbani mle."

"Twende ukapime. Nitakupeleka mwenyewe."

"Nikipima wakaniambia ndiyo?"

"Tutajua."

"Wewe ndiye utajua. Mimi nitasahau." Akajaribu kucheka, sauti ikamkatikia njiani. "Juzi Rangi hakuja kazini, alikwenda kumwona mjukuu wake, mpanga kurasa akashika zamu zake za rangi. Siku nzima kitufe kilikuwa sawa. Kila nilipokaa nikakigeuza, kilitii. Unafikiri nilifurahi? Mama naye alikuwa na siku zake nzuri. Siku nzuri ndizo zilizokuwa zinatuvunja moyo."

Mdogo wake akanawa mikono, akaja akakaa chini kabisa, sakafuni, kichwa chake kikawa karibu na magoti ya dada yake kama walipokuwa wadogo.

"Na Rangi umemwambia?"

"Nimwambie nini? Nioe, nami nitakuunguzia nyumba? Mtu ameshazika mke mmoja. Nimpe na kazi ya kunivalisha nguo, ya kunitafuta barabarani? Mimi nimeifanya kazi hiyo. Simpi mtu ninayempenda." Lilikuwa limemponyoka neno ambalo hajawahi kulisema. "Kesho namwambia hapana. Hapana haidai maelezo."

"Hapana yako itadai," mdogo wake akasema. "Nakujua."

Lakini Mwalimu alikuwa amepiga moyo konde.

Kesho yake akangoja saa ya kwenda kula. Mpanga kurasa akatoka na vidude vyake masikioni. Fundi akatoka akimsema vibaya bosi. Rangi alikuwa kwenye kioo, anamalizia anga la ukurasa wa mwisho, na alipomwona Mwalimu amesimama nyuma yake akajua ni zamu ya kupokezana. Akashika kitambaa, akakipangusa kioo kutoka juu hadi chini, akainuka akampisha.

"Karibu," akasema.

"Usiende kula kwanza," akasema Mwalimu. "Nina jibu lako."

Rangi akasimama na kitambaa mkononi.

"Jibu ni hapana."

Alikuwa ameyapanga maneno mengine ya kufuatia, ya kushukuru, ya heshima, na yote yakayeyuka. Rangi hakubisha. Alikikunja kile kitambaa mara mbili, akakikunja tena, akaendelea kukikunja mpaka kikawa hakikunjiki.

"Sawa," akasema. Kisha: "Naomba nikuulize sababu. Usiponiambia pia sawa."

Laiti angekasirika. Laiti angesema wanawake ninyi, akaondoka akiubamiza mlango, Mwalimu angebaki na hapana yake mpaka leo. Lakini mtu mzima anasimama mbele yako anakunja kitambaa! Mwalimu akavuta kiti, akakaa kwa kishindo.

"Njoo uone sababu. Njoo hapa. Nataka uwe macho yangu, maana yangu siyaamini tena. Tazama kidole changu. Sasa nakaa, nageuza, kama sheria yetu inavyosema. Niambie ukweli, usinionee huruma: nimegusa au sijagusa?"

Rangi akainama. "Umegusa."

"Umeona kwa macho yako?"

"Nimeona. Umegusa hapo kwenye kialama."

Mwalimu akachora mstari mmoja mweusi kupita kwenye lile anga zuri la Rangi, akabonyeza kitufe. Mstari ukabaki. Ncha ya kalamu ikachota buluu.

Akatazama kioo. Akamtazama Rangi. Alikuwa amejiandaa kuambiwa, hukugusa, mama, ulidhani tu. Hakuwa amejiandaa kwa hili.

"Lakini umesema nimegusa."

"Umegusa."

"Basi mbona..."

Rangi alikuwa amebadilika uso. Alikuwa anakitazama kitambaa mkononi kama mwizi anavyokitazama kitu alichokutwa nacho.

"Mwalimu," akasema polepole. "Kilikuwa tayari upande wako. Ulipogusa, umekirudisha upande wangu."

"Kilikuwaje upande wangu? Wewe ndiye uliyeinuka!"

"Nilikigeuza mimi. Kabla sijainuka. Wakati napangusa."

Chini dukani mtu alikuwa anapiga magodoro kuyatoa vumbi.

"Leo?" akauliza Mwalimu.

"Leo. Na jana. Na kila siku niliyokuja kazini, tangu siku chache baada ya ile ya ngazini. Uliniambia nisikuletee kitu. Nikakaa nikawaza, nitamfanyia nini huyu mama ambacho hakitamsumbua. Nikaona, nikimgeuzia kitufe akakikuta tayari, hiyo si zawadi, hata hataiona. Nilifikiri ukikaa utachora tu. Sikufikiria kwamba utakuwa bado unagusa."

"Sheria uliiweka wewe mwenyewe! Anayekaa ndiye anayegeuza!"

"Ndiyo."

"Na ukaivunja bila kusema!"

"Ningesema ingekuwa zawadi," akasema Rangi kwa unyonge, na hapo Mwalimu akamnyang'anya kile kitambaa akamchapa nacho begani. Akamchapa tena mkononi. Kitambaa laini cha kupangusia kioo hakiumizi mtu, lakini alichapa kwa nguvu zake zote.

"Wewe mwanamume! Silali! Unanisikia? Silali, sili, nimemtesa Fundi wa watu, nimejitesa mwenyewe, nimezungumza peke yangu kama mwehu, nimegeuza, nimegeuza, kumbe nageuza kweli! Kumbe nageuza!"

Naye akaangua kilio, kikubwa, cha mtoto, uso wote ukiwa ndani ya kitambaa. Rangi hakuelewa hata chembe. Alijua amekosa, lakini kosa la kitufe haliwezi kumliza mtu namna ile. Akavuta kigoda cha meza ya dirishani, akakaa mbali kidogo, akangoja.

Akaambiwa. Jiko, funguo, njia ya kurudi nyumbani. Swali la Fundi. Ile siku nzuri ambayo yeye hakuwepo. Mwalimu alieleza bila mpangilio, akirudi nyuma na kuruka mbele, na kila alipotaja siku fulani Rangi alifumba macho, kwa sababu siku hiyo aliikumbuka na yeye, alikumbuka alivyoinuka kitini na furaha yake ya siri.

"Nisamehe," akasema. "Nilitaka kukupunguzia kazi ndogo, nikakutwisha mzigo huu."

"Huo mzigo ulikuwepo. Wewe umeuamsha tu."

"Lakini sasa umeona. Akili yako nzima. Kwa hiyo lile jibu..." Hakumaliza. Alikuwa na adabu hata katika kutumaini.

Mwalimu akapenga kamasi. Hebu tumwonee huruma hapa, maana njia nyepesi ilikuwa mbele yake, wazi kabisa, angeweza kuipita akacheka na mambo yakaisha. Hakuipita.

"Ngoja," akasema. "Kalamu imeniachia, lakini mama yangu bado ni mama yangu. Na mama yake naye alikwenda vile vile, hilo sikuwahi kumwambia mtu. Leo mimi mzima. Kesho sijui. Huenda nisiugue kamwe, huenda nikaanza mwaka ujao. Sitaki unichukue kwa furaha ya leo. Ulikuwa umeniuliza sababu, sababu ni hiyo, na haijaondoka."

Rangi akafikiri. Hakuwa mtu wa majibu ya haraka. Hata rangi ya ukuta aliweza kuifikiria asubuhi nzima.

"Mke wangu alitoka nyumbani asubuhi akaenda kazini," akasema mwishowe. "Mchana nikapigiwa simu. Sikupata hata siku moja ya kumuuguza. Watu waliniambia nishukuru, hakuteseka. Nilishukuru. Lakini ningetaka siku hizo. Hata zile mbaya."

"Unasema hivyo kwa sababu hujazijua. Utachoka."

"Nitachoka. Wewe hukuchoka?"

"Nilichoka mpaka nikatamani afe." Alilisema bila kumtazama. "Nilimpenda na nikatamani afe, siku moja hiyo hiyo."

"Na ulimwacha?"

"Sikumwacha."

"Basi nami nitakuwa hivyo. Nitachoka, nitakuwa na hasira, binti yangu atanisikiliza nikilalamika kwenye simu. Na nitakuwepo. Sina zaidi ya hapo, Mwalimu. Na huenda mimi ndiye nitakayeanza kuugua, wewe ndiye utakayenivua viatu. Hilo umeliwaza?"

Hakuwa ameliwaza. Haki ya Mungu, katika siku zote zile hata mara moja halikumjia kichwani. Alimtazama mwanamume yule na mvi zake, na miguu yake mirefu iliyokunjwa kwenye kigoda, akaona kwamba naye ana mwili unaochoka kama wa watu wote.

Lakini lilibaki jambo moja, na lilikuwa la chini kabisa, lile ambalo hata mdogo wake hakuwahi kulisikia.

"Mama alinisahau," akasema. "Si jina tu. Alinisahau mimi. Watu wengine wote aliendelea kuwajua, jirani alimjua, mdogo wangu alimjua akija. Mimi niliyemlisha na kumwogesha, ndimi aliyenisahau. Alikuwa ananiona asubuhi naingia na uji, anakaa vizuri kitandani, ananiambia, 'Mgeni, karibu.' Kila asubuhi. Kwa heshima zote, ndani ya nyumba ileile aliyonizalia. 'Mgeni, karibu.' Siogopi kuugua, Rangi. Naogopa kukufanya wewe mgeni."

Rangi aliinamisha kichwa. Alipokiinua macho yake yalikuwa yamelowa na hakujisumbua kuyaficha.

"Wewe ulifanyaje alipokwambia hivyo?"

"Ningefanyaje? Nilisema ahsante, nikakaa."

"Basi na mimi utanikaribisha," akasema Rangi. "Nitasema ahsante, nitakaa."

Ngazini kulishaanza kusikika sauti ya Fundi anarudi, bado anamsema bosi, na hatua za mpanga kurasa nyuma yake. Mwalimu angeweza kungoja jioni. Angeweza kungoja wapite kwanza, kama Rangi alivyongoja siku ile ya ngazini. Hakungoja. Akavuta kiti cha pili kutoka meza ya mpanga kurasa, akakiweka karibu na chake, karibu sana, viti vikagusana.

"Karibu," akasema.

Fundi alikuwa ameshafika mlangoni na mdomo wazi.

"Ahsante," akasema Rangi, akaja akakaa.